Gari ya spoti ya zamani kwa safari za kila siku, Nakuru hadi Kisumu: ipi ya kununua, ipi ya kutazama tu

Mteremko_wa_Molo (mwanzisha uzi)

Wadau, kila mara mtu anakuja inboksi na picha ya Datsun 240Z, MGB au Subaru Impreza ya miaka ya tisini, anauliza kama anaweza kuuza Vitz yake aanze kuendea kazi na hiyo. Badala ya kujibu mmoja mmoja, wacha nimwage yote hapa. Nazungumza na mtu wa Nakuru, Molo, Kericho, Kisumu, Kakamega, anayeamka saa kumi na moja na lazima gari iwake. Mwenye gereji nyumbani na dereva wa kumfikisha ofisini asome tu kwa raha zake.

Soko kwanza. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu iliyozidi miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Kwa hiyo kukesha kwenye minada ya Japani ukitamani Mazda MX-5 ya 1992 ni kujitesa bure. Gari utakayonunua iko nchini tayari, ina namba ya Kenya, na imepita kwa mafundi usiowajua. Sifa za modeli utazisoma mtandaoni, lakini yaliyoipata hiyo moja unayotaka yamefichwa chini ya rangi mpya.

Sasa mwinuko. Dalali wa Nairobi hatakutajia hili. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130, na ukipanda Timboroa umepita 2,700. Injini isiyo na turbo (pampu inayoishindilia injini hewa) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. MGB ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 95. Hapa Nakuru umebaki na kama 77, na Timboroa hufikishi 70. Mwenye lori la mahindi mbele yako pale Sachangwan hatakungoja utafute hizo zilizopotea.

Hewa hiyo hiyo inavuruga kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ikitengenezwa Kisumu ikawa sawa kabisa, ukifika Nakuru petroli inazidi hewa. Fungua plagi utaikuta nyeusi kwa masizi, na gari inanuka petroli kila ukisimama. Kwenye kabureta nyingi za SU (aina ya Kiingereza) kuna nati chini ya kabureta. Ukiizungusha kidogo kuelekea juu unapunguza petroli. Endesha, fungua plagi tena, utafute rangi ya kahawia hafifu. Fundi kijana aliyelelewa na injini za kompyuta atakutazama kama umemletea redio ya babu yake, kwa hiyo jifunze mwenyewe.

Na maji. Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, Timboroa kama 91. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha ndani ya radieta, na presha hiyo inashikiliwa na kifuniko. Mpira wa kifuniko ukichoka, gari inachemsha kila mlima na mtu anaanza kufungua hedi (kichwa cha injini) kutafuta gasketi iliyoungua. Nunua kifuniko kwanza. Ni pesa ndogo.

Baada ya hayo, gari zenyewe.

Datsun 240Z. Najua mnaipenda. Edgar Herrmann alishinda mbio za Safari Rally nayo 1971, Shekhar Mehta akarudia 1973, na tangu hapo kila mzee wa Nakuru anadai alisimama kando ya barabara akapigwa vumbi na hiyo gari. Injini yake ya L24, silinda sita, cc 2,393, inatumia cheni na ni ngumu kufa. Shida ni mabati. Kutu inaanzia chini ya betri, inakula sakafu, inaingia kwenye reli za chini zinazobeba gari. Vioo, mipira ya milango, taa za nyuma, vyote unaagiza na unalipa kama mtalii. Ukiwa nayo, ioshe, iendeshe Jumapili hadi Elementaita urudi. Kuiegesha kutwa nzima Kenyatta Avenue boda boda zikipita kwa sentimita mbili, mimi singeweza.

MGB. Hii imeundwa kwa akili ya fundi wa kijijini: kila kitu unakiona, kila kitu unakifikia. Ilitengenezwa kutoka 1962 hadi 1980 na spea bado zinatengenezwa Uingereza. Tangu 1988 hata bodi nzima mpya unaweza kuagiza. Angalia vizingiti vya chini ya milango, maana ndivyo vinavyoshikilia gari isipinde katikati. Fungua mlango, uuinue kwa mkono na kuurudisha. Ukigoma kufunga vizuri, au pengo likiwa jembamba juu na pana chini, ondoka. Pia uliza kuhusu hedi. Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya kufikia 2006, na hedi za zamani ziliitegemea kulinda viti vya valvu. Iliyowekewa viti vigumu haina neno.

MX-5 ya kwanza (1989 hadi 1997): nyepesi, tamu, na hapa kwetu ni chache. Matuta yetu haiyapendi. Nimemaliza.

Corolla AE86. Injini ya 4A-GE, valvu 16, ilitoka 1983 hadi 1987, na ni Toyota kwa hiyo fundi hatashtuka. Ila kuna mchezo. Japani kulikuwa na ndugu yake AE85, sura ile ile, lakini injini ni 3A ya lita 1.5. Dalali anaweka bampa na nembo, bei inapanda mara mbili. Soma kibati cha chasisi, wachana na maandishi ya ubavuni.

Impreza WRX, bodi ya GC8 (1992 hadi 2000). Hapa ndipo mtanitukana, lakini kwa barabara zetu hii ndiyo jibu. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya hewa ambayo mlima umekunyang'anya. Inavuta magurudumu yote manne, kwa hiyo mvua ya Londiani na tope la Njoro haviisumbui. Ina viti vya nyuma vya kukaa watoto. Na Nakuru huwezi kutembea mita mia mbili Industrial Area bila kukutana na fundi wa Subaru. Ubaya wake ni mmoja: karibu zote ziliwahi kuwa mikononi mwa kijana wa miaka 23.

BMW E30 ya milango miwili naiweka ya pili. Ulizeni maswali.

---

Omwami_wa_Lurambi

Mzee, umeanza vizuri ukamaliza vibaya. Subaru ni gari ya kale tangu lini? Hiyo ni gari ya kupeleka miraa. Mtu ameuliza klasiki, unampa kitu ambacho binamu yangu anafanyia teksi.

Mteremko_wa_Molo

Omwami, GC8 ya 1992 ni nzee kuliko nusu ya watu wanaobishana hapa ndani. Na kama ukoo ndio unautaka, Colin McRae alishinda Safari 1997 na Impreza. Binamu yako anaendesha gari ya heshima, mwambie apandishe nauli.

Nyar_Dunga

Naomba kutofautiana na mwanzisha uzi, kwa adabu. Mimi niko Kisumu na naendesha MGB kila siku ya kazi, Milimani hadi Mamboleo na kurudi. Hesabu yako ya mwinuko ni ya kweli kwa Nakuru, lakini huku chini hatupotezi nguvu nyingi hivyo, na barabara zetu za mjini ni tambarare. Tatizo letu ni joto. Saa nane mchana kwenye foleni ya Kondele, sindano ya temperecha inapanda ukiitazama. Nimeweka feni ya umeme mbele ya radieta yenye swichi ndani, na boneti nimeibandika kitambaa cha kuzuia joto kwa ndani. Tangu hapo haijachemsha.

Kitu ambacho hukusema: gari isiyo na elektroniki haina cha kukusumbua mvua kubwa ikimwagika ghafla na barabara kugeuka mto. Kile kilichoingia maji unakifungua, unakipanguza, unarudisha. Kifuniko cha distribyuta kikilowa injini inazima, nakifuta kwa leso, nawasha, naenda.

Fundi_Kibuye

Dada yangu Nyar Dunga amesema kweli. Niongeze la joto. MGB ina bahati kwa sababu pampu yake ya petroli ni ya umeme na imekaa nyuma, mbali na injini, inasukuma. Datsun 240Z za mwanzo pampu iko kwenye injini, inavuta. Kisumu mchana, petroli ndani ya bomba inageuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta, gari inakufa foleni, mwenyewe anadhani ni plagi. Inakaa ikapoa, inawaka kama haijawahi kuugua. Dawa ni kusogeza bomba mbali na egzosi, kulivisha kitambaa cha joto, na kuongeza pampu ndogo ya umeme karibu na tangi.

Na kuna gari hamkuitaja, Peugeot 504 Coupé. Kila mtu hapa amepanda 504 stesheni wagoni kutoka Kisumu kwenda Nairobi miaka ile, watu tisa na kuku. Coupé injini na giaboksi ni ndugu wa hiyo hiyo, na 504 iliunganishwa hapa hapa Kenya, spea za chini bado zinapatikana Kirinyaga Road. Ya V6 ndiyo Jean-Pierre Nicolas alishindia Safari 1978. Lakini bodi yake ilichorwa na Pininfarina na haishiriki bati na saluni. Ukigongwa taa ya mbele, umegongwa kweli.

Bahati_Kwanza

Swali la mtu wa kawaida: hizi gari za viti viwili, gunia la viazi la Molo linakaa wapi? Na mama mkwe?

Mteremko_wa_Molo

Bahati, hilo ndilo swali la maana kuliko yote tangu uzi uanze. Gari ya viti viwili inakuondolea watu wa lifti, hiyo ni faida. Lakini ukiwa na watoto wawili wa shule na gari ni moja tu nyumbani, MGB na MX-5 zifute kwenye orodha. Ndiyo maana E30 iko ya pili kwangu. Ina milango miwili, sura ya spoti, lakini nyuma wanakaa watu, na buti inameza gunia.

Timboroa_Baridi

E30 nimeimiliki, naomba niongee. Ukipata 320i au 325i, ile injini ya M20 inatumia mkanda wa taimingi. Mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na umenunua hedi. Muuzaji akikwambia "ulibadilishwa juzi" bila risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na toa kwenye bei yake gharama ya mkanda, rola na pampu ya maji. Angalia pia pale wanapoweka jeki, panaoza kwa ndani.

Huku juu asubuhi ni baridi kweli, na 325i yenye sindano za petroli inawaka mara moja. Jirani ana Escort ya kabureta. Anavuta choki, anaomba Mungu, anavuta tena. Kwenye mteremko wa kurudi Nakuru, hizi zote zina breki ndogo kuliko gari za leo. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakipata joto yanachemka, pedali inazama hadi chini. Badilisha mafuta ya breki hata kama hujui yaliwekwa lini, hasa kama hujui. Na teremka na gia ya tatu, usiteremke na mguu kwenye breki.

Bima_Bila_Machozi

Nafanya kazi ya bima, sitaji kampuni. Msijisahau. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria na haina shida kwa gari ya umri wowote. Bima kubwa (komprehensivu) ndiyo kazi. Kampuni nyingi zinakataa gari ikishazeeka, au zinakuthaminia kama bati la kuuza kwa kilo. Omba kwa maandishi thamani ya makubaliano, peleka ripoti ya mthamini, picha za kila upande na risiti za matengenezo, kabla ya kulipa chochote. Mteja mmoja aliwekewa thamani ya "Nissan ya 1972" na ile gari ilikuwa 240Z safi. Angegongwa siku hiyo, angelipwa pesa ya pikipiki.

Kijana_wa_58

Shikamooni wazee. Mimi niko Section 58 hapa Nakuru na nafanya kazi Njoro, kwa hiyo ni kwenda na kurudi kila siku. Nimepata WRX ya GC8 Eldoret, rangi ya buluu, muuzaji anasema ni "safi kama mpya". Naenda kuiona Jumamosi. Niangalie nini?

Mteremko_wa_Molo

Marahaba kijana. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, ameshaipasha kuficha kitu, na hapo tayari una jibu lako. Ikiwa baridi, simama nyuma iwashwe. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Moshi mweupe mtamu usioisha ni maji yanaingia silinda.

Sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa, uipitishe kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Isipong'ang'ania hapo chini ni pati, na chini ya pati ni kutu.

Kisha tairi. Soma saizi na upime kina cha zote nne. Gari ya kuvuta magurudumu yote ikivalishwa tairi mbili mpya na mbili zilizoisha, magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti mchana kutwa na difu ya katikati (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma) inaumia. Pata uwanja, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole. Ikirukaruka au ikihisi kama kuna mtu ameshika breki, ile difu imechoka.

Uliza imelishwa petroli gani. WRX za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya okteni kubwa kuliko super yetu ya kawaida. Mwenye gari akiongeza presha ya turbo halafu akanywesha super ya bei nafuu, injini inagonga ndani na beringi za konrodi zinakufa. Ukisikia mlio wa kugonga ukikanyaga mafuta gia ya tatu mlimani, zima, rudisha ufunguo, shukuru.

Fundi_Kibuye

Na apime kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, zote nne. Nambari ziwe karibu karibu. Moja ikiwa chini peke yake, asinunue hata akipewa na mafuta ya bure. Fundi yeyote mwenye geji atafanya kwa muda mfupi. Muuzaji akikataa plagi zifunguliwe, kuna sababu.

Omwami_wa_Lurambi

Na karatasi! Mmesahau karatasi. Toa nakala ya rekodi za gari NTSA kupitia eCitizen kabla hujapanda matatu ya Eldoret. Uone jina la mwenyewe, uone kama kuna benki inaidai.

Kijana_wa_58

Nimerudi. Boneti ilikuwa baridi, moshi hakuna, kompresheni iko sawa kwa zote nne. Tairi ni saizi moja ila za nyuma zimeisha. Kwenye uwanja haikurukaruka. Kutu kidogo tao la kushoto. Lakini namba ya injini kwenye logbuku haifanani na iliyo kwenye injini. Muuzaji anasema injini ilibadilishwa kitambo, ni EJ20 ile ile, nisijali, ananipunguzia elfu hamsini.

Bima_Bila_Machozi

Kijana, usilipe. Gari yenye injini isiyo kwenye logbuku ikipata ajali, kampuni ina sababu ya kukukwepa. Ikisimamishwa na ikakaguliwa, wewe ndiye utaulizwa injini ilitoka wapi, na yeye atakuwa amezima simu.

Timboroa_Baridi

Kubadilisha injini si kosa, GC8 nyingi zimebadilishwa. Kosa ni kutosajili. Yeye ndiye mmiliki, yeye ndiye apeleke gari ikaguliwe na logbuku irekebishwe kwa jina lake. Akishindwa kuonyesha risiti ya injini, hapo ujue.

Mteremko_wa_Molo

Sikiliza hao wawili. Hiyo elfu hamsini mrudishie moyoni, usiipokee. Mpe masharti: logbuku mpya yenye namba sahihi, halafu mnakutana mbele ya wakili, pesa inaenda siku hiyo hiyo uhamisho unapoingia kwenye mfumo. Tairi mbili za nyuma usinunue mbili, badilisha nne. Tao la kushoto likatwe na kuchomelewa bati, lisijazwe pati.

Kijana_wa_58

Nimempigia. Amesema risiti ya injini anayo, atashughulikia logbuku, lakini ile punguzo ya elfu hamsini imeondoka.

Nyar_Dunga

Iondoke tu. Kama risiti ipo, hiyo gari ni halali. Na kama atachelewa, kuna MGB ya kijani inauzwa Kakamega, vizingiti nimeviangalia mimi mwenyewe.

Mteremko_wa_Molo

Dada, usimvurugie kijana akili, anaenda Njoro kila siku kwenye tope. Kijana, kabla hujalipa muulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. EJ20 nayo valvu zinagonga pistoni ukikatika.